Kimya cha Barazani: Fundisho Kutoka Kalenga

Kalenga, kando ya Mto Ruaha Mdogo, yajulikana zaidi kwa vita. Ndiyo ngome ya Mtwa Mkwawa iliyotekwa na Wajerumani mwezi wa Oktoba 1894; na hapo ndipo fuvu lake liliporudishwa mwaka 1954, likapokewa na mjukuu wake, Chifu Adam Sapi. Lakini historia ya Kalenga si ya mikuki na mizinga tu. Ni historia ya baraza pia.

Mtwa hakuitawala Uhehe peke yake. Chini yake walikuwapo wazagila, walioongoza sehemu za nchi na kuamua mashauri ya watu. Mwalimu Nyerere aliisifu desturi ya Kiafrika ya wazee kuketi na kuzungumza hata wakapatana. Hata hivyo, katika Ujamaa Vijijini (1967), alikiri wazi kwamba jamii ya jadi ilimweka mwanamke chini ya mwanamume. Basi yatupasa tuulize: waliopatana ni nani? Mara nyingi mapatano ya wazee yalibebwa na mabega ya wasioulizwa.

Mwaka 1962 Adam Sapi alikuwa Spika wa Bunge, kazi aliyoifanya, kwa vipindi viwili, hadi 1994. Jina la kazi hiyo lina maana ya msemaji. Lakini Spika hashindani kwa hoja. Yeye hugawa nafasi ya kusema, ili mwenye sauti kubwa asimmeze mwenye sauti ndogo. Kazi hiyo ni ya kila mwenyekiti.

Sheria ya Vijiji ya 1975, na ile ya Serikali za Mitaa ya 1982, zilimwingiza kila mkazi aliyetimiza miaka 18 katika mkutano mkuu wa kijiji. Sheria yaweza kumpa mtu kiti. Haiwezi kumfumbua kinywa. Mama aketiye nyuma na mtoto mgongoni, na kijana awaogopaye wakwe zake, huinua mkono kukubali jambo wasilolielewa, nao ndio watakaolitenda. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo huo husikika baadaye, kazi inapolala na michango isipotolewa.

Kwa hiyo mwenyekiti hana budi kuianza zamu kwa walio nyuma, kuwazuia wasemaji wa daima wasirudie hoja, kukubali Kihehe pale Kiswahili kinapomkwaza mzee, wala asidhani kimya ni kukubali. Walimu nao waanze darasani. Kwani mtoto anayesikilizwa leo, kesho hatanyamaza mkutanoni.