Kupima Hali ya Moyo wa Mgonjwa kwa Kiswahili: Historia Fupi, pamoja na Mazingatio juu ya Tarime na Serengeti

Katika wilaya za Tarime na Serengeti, kama kwingineko kusemwako Kiswahili, mgonjwa husalimiwa kabla ya kuulizwa ugonjwa wake. Huambiwa "Hujambo?" naye hujibu "Sijambo", hata akiwa amelala kitandani na jeraha. Jibu hilo si uongo. Asili yake ni kwamba msemaji hana jambo, nalo hutolewa kwa adabu; jambo lenyewe hufuata baadaye, nyuma ya neno dogo "ila". Historia ya kupima hali ya moyo wa mgonjwa kwa Kiswahili ni historia ya juhudi za kulifikia hilo lifuatalo "ila". Mara nyingine juhudi hizo ziliishia kwenye salamu.

Mwanzo wake haukuwa mwema. Katika mwaka wa 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha J. C. Carothers, aliyekuwa mganga wa hospitali ya Mathari, Nairobi, juu ya akili ya Mwafrika. Humo alishikilia kwamba ugonjwa wa huzuni ni nadra miongoni mwa Waafrika. Walakini hesabu ya wagonjwa waliofikishwa Mathari haikuweza kuthibitisha neno hilo. Aliyepelekwa huko kwa kawaida ni yule aliyewasumbua wenziwe. Mwenye huzuni hukaa kimya nyumbani, wala hapana amshtakiye. Katika mwaka wa 1979 John Orley na J. K. Wing walitoa habari za uchunguzi wao katika vijiji viwili vya Uganda, ambako waliwahoji watu majumbani mwao badala ya kuwangoja hospitalini. Waliikuta huzuni hiyo kwa wingi kuliko ilivyoonekana katika mtaa mmoja wa London. Ugonjwa ulikuwapo siku zote. Kilichokosekana ni swali.

Miaka iliyofuata ilileta maswali mengi. Mwaka 1980 zilitolewa habari za orodha ya Shirika la Afya Duniani yenye maswali 20 ya kujibiwa ndiyo au siyo. Mwaka 1983 Zigmond na Snaith walitunga kipimo cha maswali 14 mahsusi kwa wagonjwa wa hospitali. Waliacha kwa makusudi dalili za mwili, kwa kuwa mgonjwa wa figo au wa saratani aweza kukosa usingizi na hamu ya chakula kwa sababu ya maradhi yenyewe. Mwaka 2001 kikaja kipimo cha maswali tisa, ambacho humwuliza mtu habari za wiki mbili zilizopita na kulipa kila jibu alama 0 hadi 3, jumla 27. Alama 10 kwa kawaida huchukuliwa kuwa ishara ya kumwangalia mgonjwa kwa makini zaidi.

Vipimo hivi viliingia katika Kiswahili kwa njia ya hospitali. Mwaka 2002 Sylvia Kaaya na wenzake walieleza jinsi walivyoijaribu orodha ya Hopkins, yenye maswali 25, miongoni mwa wajawazito wenye virusi vya UKIMWI katika Tanzania. Mwaka 2006 kipimo cha maswali tisa kilithibitishwa kwa Kiswahili nchini Kenya miongoni mwa wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo. Hatua kubwa zaidi kwa upande wa lugha ilitangazwa mwaka 2008, Kaaya na wenzake walipotoa kipimo cha maswali 19 kilichotungwa hapa hapa Tanzania. Tangu hapo ilidhihirika kwamba kufasiri si njia pekee, na kwamba mtu aweza kuanza na maneno ya mgonjwa mwenyewe.

Sababu za kufanya hivyo zimo ndani ya sarufi. Kipimo cha mwaka 1983 kina swali linalofananisha hofu na vipepeo tumboni. Kwa Kiswahili, tumbo lenye wadudu ni habari ya minyoo. Ngazi ya majibu ya kipimo cha maswali tisa ina jibu la kati, yaani zaidi ya nusu ya siku hizo za wiki mbili. Lakini neno "siku" halibadiliki katika wingi, na mfasiri akiandika "zaidi ya nusu ya siku" bila kiashiria, msikilizaji ataelewa saa saba au nane za siku moja. Swali la ukanusho nalo lina mtego wake. Aulizwaye "Hulali vizuri?" akajibu "Ndiyo", amekubali kwamba halali, mwandishi aliyezoea desturi ya Kiingereza ataandika kinyume.

Tena yako maneno yenyewe. "Sonona", lililochaguliwa na wataalamu kuwa jina la ugonjwa, kwa asili ni kitenzi cha kuuma, na wagonjwa wengi hawalitumii wajielezapo. Wao husema "nina mawazo". Hapo wingi wa neno ndio unaobeba ugonjwa: mwenye wazo ana shauri la kutoa, bali mwenye mawazo amelemewa. Mwingine atasema "moyo waniuma", naye aweza kupelekwa kupimwa kifua.

Haya yote huwa mazito zaidi katika Tarime na Serengeti, kwa sababu huko Kiswahili ni lugha ya hospitali, ya shule na ya baraza, lakini kwa wengi, hasa wazee, si lugha ya kwanza ya maumivu. Tarime ni nchi ya Kikuria. Serengeti ina Kingoreme, Kiikoma, Kinata na Kiisenye, pamoja na Kikuria. Kikuria, kwa mfano, hutofautisha katika kitenzi wakati uliopita wa karibu na ule wa mbali, kwa namna isiyokuwamo katika "-li-" ya Kiswahili. Basi mkalimani afasiripo "katika wiki mbili zilizopita" hana budi kuchagua umbali ambao swali la Kiswahili halikuutaja, na jibu hufuata chaguo lake.

Mfano mwingine ni neno "amani". Kipimo cha huduma za wagonjwa mahututi kilichotungwa na chama cha Afrika cha huduma hizo humwuliza mgonjwa kama amejisikia mwenye amani. Lakini Tarime na Rorya, zilizokuwa wilaya moja hadi mwaka 2007, zilifanywa kanda maalum ya kipolisi kwa ajili ya mapigano ya koo na wizi wa ng'ombe. Palipo na historia hiyo, "amani" ni kwanza habari ya mpaka na zizi. Mgonjwa aweza kujibu kwamba amani ipo, maana mwaka huu hapakuwa na vita, huku moyo wake haujatulia hata kidogo.

Wala si kila kosa ni la maneno. Msichana aliyekimbia ukeketaji, akiulizwa mbele ya shangazi yake kama ana huzuni, atajibu kama ajibuvyo salamu. Alama yake itakuwa ndogo, na karatasi itashuhudia kwamba yu mzima. Tangu Carothers ahesabu waliofikishwa Mathari, hatari imebaki ile ile: kukosekana kwa jibu kuchukuliwa kuwa kukosekana kwa maumivu.

Kwa hiyo yapasa kila swali lijaribiwe na wasemaji wa lugha ya mahali, lirudishwe katika Kiswahili na mtu asiyeliona la kwanza, na liulizwe faraghani. Zaidi ya hayo, kando ya tarakimu yafaa yaandikwe maneno ya mgonjwa kama alivyoyasema, na katika lugha aliyoyasemea. Tarakimu yaweza kulinganishwa na ya Nairobi au ya London. Lakini lifuatalo "ila" hupatikana katika maneno hayo tu.