Utafiti wa Umma na Soko Huria katika Historia ya Mbaazi Babati

Mjadala kuhusu mageuzi ya uchumi nchini Tanzania mara nyingi huiweka huduma ya umma upande mmoja na soko huria upande wa pili, kana kwamba mkulima alihama kutoka huku kwenda kule. Historia ya mbaazi mjini Babati na vijiji vinavyouzunguka haithibitishi mgawanyo huo.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, mahindi yalinunuliwa kisheria na Shirika la Usagishaji la Taifa kwa bei iliyopangwa na serikali. Vizuizi vya kusafirisha nafaka vilianza kulegezwa mwaka 1984, na ruzuku ya mbolea ikafutwa katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990. Katika hali hiyo mbaazi ilikuwa na mvuto wa pekee: hupandwa ndani ya mahindi, hurutubisha udongo bila mbolea ya dukani, na soko lake lilikuwa India.

Hata hivyo, wingi wa wanunuzi haukuponya shamba. Kuvu wanaosababisha mnyauko huishi udongoni kwa miaka. Mmea hustawi, kisha hukauka unapotoa maua au vitumba, yaani baada ya mkulima kumaliza palizi yote. Hakuna mfanyabiashara aliyekuwa na sababu ya kugharimia dawa ya tatizo hilo, kwa kuwa washindani wake wangefaidika sawa naye. Kazi ilifanywa na Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Selian, Arusha, ambacho ni cha serikali, kikishirikiana na taasisi ya kimataifa ya ICRISAT. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikapatikana aina iitwayo Mali, yenye kustahimili mnyauko na punje kubwa zinazopendwa sokoni.

Ugumu uliofuata ulikuwa kuifikisha mbegu hiyo kwa wakulima. Tofauti na mahindi chotara, mbegu ya mbaazi hutengwa katika mavuno au huombwa kwa jirani. Kwa kampuni ya mbegu, mteja wa namna hiyo hununua mara moja tu. Wakulima wengi waliifahamu Mali wakakosa pa kuipata, na ueneaji wake ukategemea maafisa ugani, miradi na vikundi vya wakulima.

Serikali nayo haistahili sifa tupu. Iliulinda utafiti, lakini soko ililiacha bila kinga. Agosti 2017, mavuno yakiwa bado yanaendelea, India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazoingizwa nchini humo, na bei ikaporomoka. Sheria ya stakabadhi za ghala ilikuwapo tangu 2005, na korosho za kusini zilikuwa zikiuzwa kwa mfumo huo kwa takriban miaka kumi. Mbaazi zilifikiriwa baada ya wakulima kuwa wamekwisha kupata hasara.