Lenzi ya boksi, magunia ya maharage na sokwe wa Gombe

Binamu yangu ni mpiga picha kule nyumbani Kabanga, Kasulu. Siku za kawaida anapiga picha za paspoti, wikiendi kipaimara na harusi, mwisho wa mwaka mahafali. Ana kamera ya Canon aliyoinunua mtumba pamoja na lenzi iliyotoka nayo kwenye boksi, ile ya milimita 18 hadi 55. Mwezi uliopita alinipigia simu: "Dada, nimevuna maharage magunia manne. Niyauze ninunue lenzi? Kuna mtu mjini Kigoma anauza ya 75 hadi 300. Wenzangu wanasema hii ya boksi ni ya kujifunzia tu."

Magunia manne si mchezo. Humo kuna chakula cha nyumbani, sare na madaftari ya watoto. Kwa hiyo sikutaka kumjibu kwa kubahatisha. Ila mimi nasoma historia ya sayansi, na jibu langu likaanzia Paris mwaka 1839. Alinivumilia. Na wewe nivumilie kidogo.

Mwaka huo ndipo kamera ya Daguerre ilipoanza kuuzwa, ikitengenezwa na Alphonse Giroux. Na unajua nini? Ilikuja na lenzi yake, kazi ya fundi Charles Chevalier. Yaani kamera ya kwanza kabisa kuuzwa kwa umma ilikuwa tayari na lenzi ya boksi, na malalamiko yakaanza mapema. Lenzi ile ilitoa picha safi pale tu tundu lake lilipobanwa likawa dogo, na tundu dogo hupitisha mwanga kidogo. Picha moja ilichukua dakika kadhaa. Jengo halina haraka, linasubiri. Mtu je? Akipepesa macho au akijikuna, sura inaharibika.

Mwaka uliofuata, 1840, mwanahisabati wa Vienna aitwaye Joseph Petzval alibuni lenzi mpya kwa kupiga hesabu kwanza, akisaidiwa na askari wa mizinga waliozoea namba. Kampuni ya Voigtländer ikaitengeneza. Ilipitisha mwanga zaidi ya mara 10 ya ile ya Chevalier. Cha ajabu ni kwamba pembeni mwa picha haikuwa safi, ilififia, lakini wapiga picha za watu waliigombania. Shida yao haikuwa usafi wa pembeni, ilikuwa mwanga. Kumbuka jambo hilo, tutalirudia tukifika kanisani.

Sasa turuke hadi 1976, Canon ilipotoa kamera ya filamu iitwayo AE-1. Wengi waliinunua ikiwa na lenzi ya milimita 50 isiyovuta wala kurudisha, yenye alama f/1.8. Hiyo ndiyo ilikuwa lenzi ya boksi ya enzi hizo. Miaka ya tisini watengenezaji wakaibadilisha, wakaweka lenzi za kuvuta, nyepesi na za bei ndogo, kwa sababu mnunuzi wa kawaida alipenda kuvuta kuliko kutembea. Mwaka 2003 Canon ikatoa EOS 300D, kamera ya dijitali iliyouzwa pamoja na lenzi ya 18 hadi 55 kwa chini kidogo ya dola 1,000. Hiyo ndiyo nyanya ya lenzi ya binamu yangu.

Hapo mimi huwa nacheka. Ile 50 ya f/1.8 ambayo leo kijana anaambiwa "panda daraja uinunue", mjomba wake aliipata bure ndani ya boksi.

Basi tofauti iko wapi? Hesabu yake ni fupi. Ile namba baada ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo. Lenzi ya boksi ikivutwa hadi 55 hufungua mwisho f/5.6. Gawanya 5.6 kwa 1.8 unapata 3.1, zidisha 3.1 kwa yenyewe unapata 9.6. Kwa hiyo ile 50 hupitisha mwanga karibu mara 10. Kanisani jioni ya masika, wingu limetanda na taa ni mbili, pale ambapo lenzi ya f/1.8 ingepiga kwa sehemu ya 1/100 ya sekunde, ya boksi inahitaji 1/10. Kwa 1/10 bibi harusi akigeuza shingo tu, amekuwa moshi. Hakuna uchakavu wa kioo hapo, ni giza tu. Mchana uwanjani, lenzi hiyo hiyo ukiibana hadi f/8, picha ya ukubwa wa A4 itakuwa safi, na wewe msomaji usingeweza kuitenganisha na ya lenzi ya gharama.

Ila binamu alikuwa anataka ya 300, ya kuvuta mbali. Kwa hilo sikuhitaji kwenda Paris, mfano uko mkoani kwetu.

Julai 1960 Jane Goodall alifika Gombe, kaskazini mwa mji wa Kigoma, akiwa na umri wa miaka 26. Mwanzoni sokwe walimkimbia akiwa bado mita 450 hivi. Novemba mwaka huo alimwona sokwe aliyempa jina David Greybeard akitumia shina la nyasi kuvulia mchwa, jambo lililoitikisa sayansi, na picha ya tukio hilo haipo. Mwaka 1961 mdogo wake Judy alikuja kupiga picha. Mvua zilimtesa, na picha za sokwe zikawa chache. Mwaka 1962 National Geographic ikamtuma Hugo van Lawick, mpiga picha hodari mwenye vifaa vya kazi.

Tumpe Hugo lenzi ya binamu tuone. Kwa milimita 55, kwenye kamera kama ya binamu, picha iliyopigwa kutoka mita 450 inachukua eneo lenye kimo cha mita 120 hivi. Sokwe wa mita moja ndani yake ni nukta. Haya, mpe ya 300. Eneo linakuwa mita 22, na sokwe bado ni mdogo, labda umtambue kwa kuambiwa. Sasa rudisha ile ya 55 lakini sogea hadi mita 10. Eneo ni chini ya mita 3, na sokwe amejaa zaidi ya theluthi ya kimo cha picha. Kutoka 450 hadi 10 umevuta mara 45. Lenzi ya 300 inakuvutia mara tano na nusu tu.

Na ndivyo ilivyokuwa. David Greybeard alianza kuja kambini mwenyewe, akachukua ndizi, wenzake wakamfuata. Ndizi zikaongezwa ili waje, na Hugo akapata picha ambazo dunia ilizifungua katika gazeti hilo Agosti 1963. Lenzi zake zilisaidia, sibishi. Lakini kilichofupisha umbali ni miezi ya uvumilivu wa Jane, halafu ndizi. Ndizi nazo zilidai malipo: sokwe wakaanza kugombana kambini, nyani wakaingilia, na baadaye ulishaji ukapunguzwa. Watafiti bado wanabishana ulibadilisha tabia zao kiasi gani. Mimi naona ulikuwa ukaribu wa kulazimisha, na ule wa Jane wa kukaa kimya ulikuwa bora, ingawa bila ndizi pengine nisingekuwa na picha za kukusimulia.

Kwa hiyo nilimwambia binamu asiuze chochote kwanza. Kamera huandika ndani ya kila picha ilipigwa kwa milimita ngapi, f ngapi na kasi gani. Nikamwomba achukue picha 100 alizozitupa, asome hizo namba. Zikiwa nyingi ni za milimita 55 na mhusika ni mdogo, shida ni umbali, ajaribu kusogea. Zikiwa f/5.6 na kasi ya 1/15 au chini, shida ni mwanga, na ile ya 75 hadi 300 haitamsaidia, kwa sababu ikivutwa mwisho nayo ni f/5.6, tena mtikisiko wa mkono unaonekana zaidi.

Alinipigia baada ya siku tatu. Picha 71 zilikuwa za ndani, nyingi kanisani, kasi chini ya 1/20. Nikamwambia atafute 50 ya f/1.8 ya mtumba, ila ajue kwamba kwenye kamera yake inabana upana, kwaya nzima haitaingia, hivyo ile ya boksi asiiache nyumbani.

Ameuza gunia moja.