Redio ya Babu: Jinsi Garissa Ilivyojifunza Lugha kwa Masikio

Leo naweka kando mambo ya kuandika programu, tuzungumze historia kidogo. Msikimbie, kompyuta tutaifikia.

Wiki jana kijana mmoja wa mtaani kwetu aliniuliza, "Kaka, ni programu gani ya simu itanifundisha Kijerumani haraka?" Nikaanza kumtajia mbili tatu, halafu nikanyamaza. Mtu aliyejifunza lugha vizuri kuliko wote ninaowajua hakuwahi kushika simu ya kisasa. Alikuwa babu yangu, mchuuzi wa mbuzi na ng'ombe hapa Garissa, na mwalimu wake alikuwa redio ya betri.

Kwanza tuelewane kuhusu wakati wenyewe. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Kabla mwezi huo haujaisha, hali ya hatari ilitangazwa huku kwetu. Vita vilivyoitwa vya Shifta viliendelea hadi 1967, lakini hali ya hatari yenyewe haikuondolewa hadi 1991. Hesabu mwenyewe: ni karibu miaka 28. Katika miaka hiyo yote Kiswahili huku kilikuwa lugha ya askari, ya karani na ya kizuizi cha barabarani. Shuleni nako, Kiswahili hakikuwa somo la lazima lenye mtihani hadi mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985. Babu hakusoma shule hata siku moja. Angejifunzia wapi?

Jibu ni hewani. Redio ndogo za transista zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1954, na miaka iliyofuata zikaenea duniani. Haikuhitaji umeme wa ukutani, na ilibebeka juu ya ngamia. Masafa mafupi nayo yana tabia nzuri sana: mawimbi yake hupanda hadi tabaka la juu la anga liitwalo ayonosfia, yakarudishwa chini maelfu ya kilomita kutoka yalikotoka. Ndiyo maana mtu aliyeketi kando ya mto Tana aliweza kusikia London bila mnara wowote karibu naye. Betri zikichoka, zilianikwa juani zipate nguvu kidogo za kumalizia habari.

Mwaka 1957 BBC ilianzisha idhaa mbili zinazotuhusu: ya Kiswahili mwezi Juni na ya Kisomali mwezi Julai. Mwaka 1964 shirika la utangazaji la Kenya likageuzwa kuwa Sauti ya Kenya, ambayo baadaye ikarudia jina la KBC. Mogadishu nayo ilikuwa ikitangaza, na wakati wa vita maneno yake yalikuwa makali. Kwa hiyo mzee wa Garissa hakukosa cha kusikiliza. Swali lake lilikuwa amsikilize nani, na amwamini nani.

Tena kumbukeni kwamba Kisomali hakikuwa na maandishi rasmi hadi Oktoba 1972, Somalia ilipochagua herufi za Kilatini. Kabla ya hapo habari, mashairi na hoja za siasa zilisafiri kwa mdomo, kwa redio, na baadaye kwa kanda za kaseti zilizopitishwa mkono kwa mkono. Watu wetu walikuwa na masikio yaliyozoea kazi. Shairi refu lilisikika mara mbili, likakaa kichwani.

Sasa njia ya babu. Kila siku alisikiliza taarifa ya habari ya Kiswahili kutoka Nairobi. Jioni alisikiliza BBC kwa Kisomali. Mwanzoni ile ya Kiswahili ilikuwa kelele tu, lakini habari kubwa za siku zilikuwa zilezile! Alilolikosa mchana alilipata jioni kwa lugha ya mama yake, na kesho yake yakirudiwa kwa Kiswahili alikuwa tayari anajua yanahusu nini.

Mfano aliopenda kuutoa ni wa tarehe 22 Agosti 1978, siku aliyofariki Jomo Kenyatta. Siku hiyo, alisema, alisikia neno "amefariki" na sauti ya mtangazaji ikiwa nzito, kisha jina. Jioni Kisomali kikamthibitishia. Baada ya hapo likaja "hayati", likarudiwa mpaka likamwingia. Alisema hakuwahi kulisahau neno hata moja alilojifunza wiki ile.

Maneno ya Kiarabu yalimsaidia pia, maana lugha zote mbili zimekopa duka moja. Sisi tunasema wakati, Kisomali kinasema waqti. Kitabu ni kitaab, siasa ni siyaasad, kabila ni qabiil. Ukisikiliza habari za serikali, neno moja katika kila sentensi linakupungia mkono kama jamaa.

Na hakusikiliza peke yake. Redio iliwekwa juu ya kiti, chai ikamiminwa, na wazee sita wakabishana juu ya maana ya neno. Aliyekuwa ameendesha lori hadi Mombasa ndiye aliyekuwa kamusi.

Faida yake ilionekana barabarani. Katika miaka ya themanini babu na rafiki yake walikuwa wakipeleka mbuzi Nairobi, wakasimamishwa kwenye kizuizi kimoja. Rafiki yake hakujua Kiswahili. Akateremshwa, akaulizwa maswali, na kimya chake kikachukuliwa kuwa hatia. Babu akasema, "Afande, kwa mujibu wa sheria huyu ni raia wa Jamhuri ya Kenya, na kitambulisho chake kimo mfukoni mwa koti. Naomba aruhusiwe kukitoa."

Askari akaangua kicheko. "Mzee, wewe ni mtangazaji?"

Kicheko kile kilipunguza joto, lakini hawakuachiwa mara moja. Babu alikaa na rafiki yake mpaka magharibi akimtafsiria. Lori lilikwisha ondoka, na mbuzi waliuzwa bila wenyewe kwa bei ya kutupa. Babu aliisimulia hadithi hiyo akicheka, ila mwisho wake hakuwa akicheka. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walipotakiwa kuhakikiwa upya uraia wao, alivaa koti lake na kwenda kujibu kwa Kiswahili chake cha taarifa ya habari. Alikuwa akisema, "Niliijifunza lugha yao ili niambiwe mimi ni wao. Mtu hapaswi kusoma ili awe raia."

Nilipoingia chuo kikuu kusomea kompyuta, nilikutana na babu tena darasani. Mwishoni mwa miaka ya themanini na mwanzoni mwa tisini, watafiti wa IBM waliifundisha mashine kutafsiri kwa kuilisha kumbukumbu za bunge la Kanada, zilizoandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa. Jambo moja, lugha mbili, mara maelfu. Mashine ikakisia neno gani linaendana na lipi. Nikacheka peke yangu. Babu alikuwa akiifanya kazi hiyo kwa redio moja na chai ya maziwa!

Programu za kadi za kukumbusha maneno, kama Anki iliyotoka mwaka 2006, zinatumia siri nyingine aliyokuwa nayo: neno lirudi tena kabla hujalisahau. Taarifa ya habari hurudi kila siku, saa ileile, na msamiati uleule.

Mimi mwenyewe Kiswahili changu cha kwanza cha mtaani nilikipata kwenye kibanda cha video, kwa filamu za mapigano alizozisimulia DJ Afro. Filamu nilikuwa nimekwisha iona, kwa hiyo maneno mapya yalijieleza. Ni njia ileile ya babu, ila yeye alitoka akiongea kama mtangazaji, nami nikatoka nikiongea kama jambazi. Mwalimu wangu hakufurahi.

Hapo ndipo kasoro ya njia hii. Unachosikiliza ndicho utakachoongea. Babu aliweza kueleza mkutano wa mawaziri, lakini sokoni alishindwa kuomba apunguziwe bei ya kitunguu. Hayo aliyapata kwa kuongea na kukosea.

Basi, yule kijana nilimjibu hivi. Chagua habari unazozijua tayari, mpira kama ni mpira. Zisikilize kwanza kwa lugha yako, kisha kwa Kijerumani, kila siku saa ileile. Tafuta na wenzako wa kubishana nao juu ya chai. Programu ya simu ije baadaye.

Redio yenyewe ninayo hapa mezani, kando ya kompyuta. Antena imevunjika, na mfuniko wa betri umefungwa kwa uzi. Bado inanong'ona ukiipa betri mpya.

Tuonane wiki ijayo, tutarudi kwenye kompyuta. Kwaherini.