Fundi anadai salio? Kagua kwanza chumba ulichoongeza

Umeongeza chumba nyumbani kwako Berega, fundi anasema kazi imeisha na anataka salio lake. Usiingize mkono mfukoni bado. Anzia pale ukuta mpya unapokutana na wa zamani, maana ndipo wengi tunapolizwa.

Ufa mwembamba kama unywele, uliosimama wima kwenye maungio, si wa kugombana. Msingi wa zamani umeshatulia, mpya bado unashuka kidogo. Lakini ufa wa mshazari unaotoka kona ya dirisha, au unaoingiza sarafu, usikubali ufukiwe kwa niru. Weka alama ya penseli unapoishia, andika tarehe, uone kama unarefuka.

Halafu gonga lipu kwa vidole. Ikilia kama debe tupu, haijashika. Ibanduliwe, ukuta ulowanishwe, ipigwe upya. Tofali za kuchoma hunywa maji sana, na fundi mwenye haraka huruka hatua hiyo ya kulowanisha.

Kama paa jipya liko chini ya la zamani, bati zake ziingie chini ya zile za juu. Mvua haijaanza? Kijana apande na ndoo amwage maji pale yanapoungana, wewe ukae ndani ukiangalia.

Mlango unaokwaruza sakafu na rangi yenye mabaka ni kazi ya nusu siku, arekebishe tu. Ila paa likivuja, salio lisubiri.