Mlevi Alipomtafuta Mlevi Mwenzake

Jumamosi ya Mei 11, 1935, Bill Wilson alisimama kwenye ukumbi wa hoteli ya Mayflower mjini Akron, jimbo la Ohio, akiwa amebakiwa na dola kama 10. Alikuwa mtu wa soko la hisa kutoka New York, na dili lililompeleka huko lilikuwa limevunjika. Upande mmoja wa ukumbi kulikuwa na baa, watu wanacheka. Upande wa pili kulikuwa na simu na orodha ya makanisa ya mji. Alikuwa na miezi mitano tu tangu aache pombe. Akaifuata simu.

Aliyepokea alikuwa mchungaji, Walter Tunks. Bill hakumwomba sala wala daktari. Aliomba akutanishwe na mlevi. Mchungaji akampa majina ya watu wa kuwauliza, na kwa kupiga huku na huku akampata Henrietta Seiberling, mwanamama wa kikundi cha kidini cha Oxford, aliyekuwa akimwombea daktari wa upasuaji aliyeitwa Robert Smith. Pombe ilikuwa karibu kummaliza daktari huyo. Hata siku hiyo alikuwa amelala chakari nyumbani, ikabidi wakutane kesho yake.

Kwa nini mlevi, na si mtu mwenye akili timamu? Tangu atoke hospitali ya Towns mjini New York Desemba 1934, Bill alikuwa amewafuata walevi wengi akiwahubiria, na hakuna hata mmoja aliyeacha. Daktari wake, William Silkworth, akamshauri apunguze mahubiri, awaeleze ugonjwa wenyewe. Lakini katika mahangaiko yote hayo Bill mwenyewe hakuonja hata tone. Pale hotelini ndipo alipoelewa: alimhitaji yule mlevi kuliko mlevi alivyomhitaji yeye.

Hapa ndipo familia zetu zinapokosea njia, nami nalisema kwa uchungu. Kijana akizidiwa na pombe huitwa kikao cha ukoo. Mjomba anakaripia, mama analia, kijana anaapishwa mbele ya wazee. Ni upendo, hakuna anayebisha. Lakini kwenye kikao kile hakuna aliyewahi kuamka alfajiri mikono ikitetemeka, akihesabu saa hadi kilabu kifunguliwe.

Jumapili saa kumi na moja jioni, Smith alifika nyumbani kwa Henrietta akiwa na sharti moja: robo saa tu. Aliondoka saa tano usiku imepita. Bill hakumlaumu, alimsimulia tu maisha yake, na daktari akayatambua kuwa ni yake. Mwezi uliofuata akaenda kwenye mkutano wa madaktari Atlantic City, akarudi amelewa. Baada ya kurudi alikuwa na mgonjwa wa kupasua, mikono haitulii. Bill akampa chupa moja ya bia ili aweze kushika kisu. Baada ya upasuaji daktari hakurudi nyumbani moja kwa moja. Alizunguka mjini kwa watu aliowakosea, akawaomba radhi. Hakunywa tena hadi alipofariki mwaka 1950, na siku hiyo ya upasuaji, ambayo Alcoholics Anonymous (AA), chama cha walevi walioacha pombe, huiweka Juni 10, ndiyo chama hicho kinaihesabu kuwa siku ya kuzaliwa kwake.

Mwanachama wa tatu alikuwa wakili aliyelazwa hospitali ya jiji la Akron, amefungwa kitandani baada ya kuwapiga wauguzi. Kitabu chao chenye hatua 12 za kuacha pombe kikatoka 1939. Mwaka 1941 jarida la Saturday Evening Post likaandika habari zao, na wanachama wakaruka kutoka 2,000 hivi hadi 8,000 kabla ya mwaka kwisha. Barua zikamiminika kutoka miji isiyo na kikundi hata kimoja. Ofisi ya New York ilizijibu, kisha wanachama waliosafiri kibiashara wakapewa majina, wakabisha hodi mlango kwa mlango. Hakukuwa na ada, na hadi leo haipo. Sharti ni moja, kutaka kuacha pombe, na wawili au watatu wakikutana kwa nia hiyo wanatosha kuitwa kikundi.

Njia hiyo ilifika kwetu pia. Nairobi ina mikutano ya AA, na soba hausi za Zanzibar, nyumba za watu wanaoacha ulevi, ambazo wengi wa wakazi wake wanapambana na heroini, zinafuata hatua zile zile 12 chini ya watu waliowahi kutumia wenyewe.

Ukimtafutia ndugu yako kikundi, anza na hospitali, hasa kama anakunywa kila siku na kutwa nzima. Kukatisha pombe ghafla kunaweza kuleta degedege na hata kuua, kwa hiyo siku za kwanza zinahitaji macho ya daktari. Ukiwa Kenya, piga 1192, simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Kwingineko, muulize muuguzi wa kitengo cha afya ya akili, imamu au padri swali lile lile la Bill: unamjua nani hapa mtaani aliyekuwa mlevi akaacha? Ukimpata, mkutanishe na ndugu yako, kisha waache wawili hao wazungumze peke yao.