Mbawakawa wa Viotani: Historia ya Majina na Tatizo la Kuyafasiri

Mfasiri akutanapo na habari za wadudu waishio katika viota vya bundi, hushawishika kuandika "vimelea vya bundi" na kuendelea na kazi. Sisi wenyewe tuliwahi kuipitisha tafsiri ya namna hiyo. Tulipoirudia tuliona kwamba neno moja lilikuwa limegeuza habari nzima. Kimelea huishi kwa kumdhuru amhifadhiye, na mbawakawa tunaowazungumzia hapa hawamgusi bundi. Tena ndege huyu kwetu tayari ana sifa ya uchuro. Haifai istilahi zetu zimwongezee tuhuma nyingine.

Jina la kisayansi la mmoja wao aliye maarufu huko Ulaya, Trox scaber, limepitia mikono ya watu wawili. Linnaeus wa Sweden alimwita scaber mwaka 1767, yaani "wa kukwaruza", maana mgongo wake umejaa vinundu. Mwaka 1775 Fabricius wa Denmark, aliyekuwa mwanafunzi wake, akaunda jina la jenasi, Trox, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kutafuna. Mmoja alitazama mgongo, wa pili akatazama mdomo. Kiota hakimo katika jina.

Kiota kilipata uzito baadaye. Mwaka 1906 Norman Joy, daktari wa Kiingereza aliyependa kuchunguza wadudu, alichapisha makala juu ya mbawakawa wa viota vya ndege na vya wanyama. Uchunguzi wa aina hiyo ulionyesha kwamba baadhi ya wadudu waliodhaniwa kuwa adimu hawakuwa adimu hata kidogo. Walikuwa wakitafutwa pasipo pao.

Humo kiotani kuna nini? Bundi humeza panya mzima, kisha hutema madonge ya manyoya na mifupa. Madonge hayo, pamoja na manyoya ya makinda, hurundikana katika pango la mti au darini. Manyoya hayaozi upesi kwa sababu yana keratini, protini ile ile ya kucha na pembe, ambayo ni wanyama wachache tu wawezao kuimeng'enya. Trox ni mmojawapo. Jirani yake, Gnathoncus, ana kazi nyingine: huwinda mabuu ya nzi. Kwa hiyo hata kuwaita wote "wala-makombo" ni kosa. Vilevile "mbawakawa-bundi" haitufai, maana jamii ya Trox hupatikana pia katika mizoga iliyokauka.

Neno mbawakawa lenyewe halina upungufu. Ukilisikiliza, unaona mbawa zilizofunika kama kawa ifunikavyo sahani. Aristotle naye, kwa Kigiriki chake, aliwaita wadudu hawa "wenye mbawa za ala". Tulivutiwa zaidi na kifauongo, kwa kuwa Trox akiguswa hukunja miguu na kutulia kama bonge la udongo. Lakini jina hilo lina wenyewe, ukiwamo mmea unaojikunja, na mbawakawa wengi wana hila hiyo hiyo. Tulijaribu pia mkaakiota. Mwenzetu mmoja akasema linanuka mkaa, nasi hatukuwa na jibu.

Tunapendekeza, basi, mdudu wa kiotani kwa wote wakaao humo, wa mbayuwayu kadhalika; mbawakawa mla-manyoya kwa jamii ya Trox; na mbawakawa mla-ngozi kwa Dermestes, ambaye jina lake la Kigiriki linabeba neno "ngozi", na ambaye wauzaji wa samaki wakavu wanamfahamu kwa hasara. Kimelea libaki kwa utitiri na viroboto, ambao nao wamo katika kiota hicho hicho.